Nyama ya Kampuni Haikuliwa Kamwenda

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku nkambo alipomwaga maji juu ya moto wangu. Nkambo ni bibi, mama aliyemzaa mama yangu. Najua ninyi mliohamia Kolwezi mnajifanya mmelisahau neno hilo. Nilikuwa msichana, sijaolewa, na ilikuwa ile miezi ya mvua ambayo mahindi ya zamani yamekwisha na mapya bado ni majani tu, na mihogo nayo haijakomaa. Tulikuwa na njaa, kijiji kizima.

Ngoja kwanza nikueleze kijiji chenyewe, maana watu wakifika huku na kamera zao huandika "kijiji cha mgodi", halafu wanarudi mjini kunywa bia. Kamwenda ni kijiji cha mihogo. Ukitoka Kolwezi kuelekea Lubudi, unaiacha barabara kubwa, unafuata njia ya baiskeli mpaka mtoni, pale wanawake wanapoloweka mihogo na kusemana. Nyumba zetu ni za matofali tunayofyatua kwa udongo wa vichuguu. Tuna kanisa moja, na kwaya inayoimba kwa nguvu kuliko uzuri. Bonde la mashamba liko chini ya nyumba, na nyuma yake kulikuwa na kilima ambacho miti ilikataa kuota, yakaota maua madogo ya zambarau peke yake. Wazee walijua kwamba chini ya maua yale kuna shaba, ila hawakuwa na haraka nayo. Kilima hicho ndicho kilichotuletea wageni.

Na kuna desturi moja ambayo lazima uijue. Kwetu, mtu anayetaka ardhi hafiki mikono mitupu. Huja na kuku au mbuzi. Mkimchinja mnyama wake mkamla, mmempa ardhi, hakuna tena maneno. Mkitaka kukataa, mnamrudishia mnyama na kumsindikiza kwa heshima, na hakuna anayenuna. Hata watoto walilijua hilo.

Basi siku ile watu wa kampuni ya mgodi walikuja na mbuzi kadhaa nyuma ya gari. Walikuwa na karani wa kuwatafsiria, kijana wa Lubudi mwenye viatu vinavyong'aa. Walisema wanakitaka kilima, na bonde letu pia, wapate pa kumwaga udongo wao. Mbuzi, walisema, ni salamu tu. Wangerudi kesho yake kusikia jibu.

Chefu wetu, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa mdogo wake nkambo. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri hivi: hawa wametoka mbali, desturi yetu hawaijui, kwa hiyo tukila mbuzi wao tumekula mbuzi, basi. Tumbo limeshiba na bonde limebaki. Alijiona mjanja kweli. Gari lilipoondoka tu, akaamuru wachinje, nami nikatumwa niwashe moto.

Niliwasha kwa furaha, sikufichi. Nyama ilikuwa imeshakatwa, iko kwenye mabeseni, na mimi namezea mate. Ndipo nkambo akatokea mtoni, ndoo kichwani. Hakuuliza neno. Aliishusha ndoo, akaimwaga yote motoni, majivu yakanirukia usoni.

Chefu alikuja amekasirika, akamweleza ujanja wake wote. Nkambo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anajua yule karani amezaliwa wapi. Mtu wa Lubudi anaijua desturi yetu sawasawa na sisi, na nani mwingine angewashauri wageni walete mbuzi? Baadaye angesimama mbele ya watu wa serikali wanaogawa ardhi na kusema Kamwenda wamekula, na angekuwa anasema kweli.

"Na hata kama beye bageni habajue," nkambo akamwambia, "shiye tunajua. Mutu akikula, amejibu."

Chefu akasema kwa sauti ndogo kwamba mbuzi wamekwisha kufa, watarudishwaje.

"Balikufa, ndiyo," nkambo akasema. "Lakini bado hatuyabakula, hata kipande kimoja."

Akawaita wanawake. Kila mmoja alijitwika beseni: nyama, vichwa, ngozi, mpaka matumbo. Tukashika barabara kubwa mchana kweupe, mbele ya watu wote, tukielekea kambi ya kampuni. Watoto walitufuata wakilia, na inzi nao. Mimi nilibeba maini. Niliona uchungu, mwanangu, uchungu wa njaa ni uchungu hasa, nikamwomba nkambo tuwaachie watoto japo maini. Alisimama katikati ya barabara akanitazama.

"Ukikula hii maini, mwezi wa kupanda utaenda kulima wapi?"

Niliendelea kutembea, na machozi yangu yalinitoka nikitembea. Tulipogeuka, chefu alikuwa nyuma yetu, naye amebeba ngozi begani.

Getini mlinzi alitushangaa. Akatusihi turudi, akasema hiyo ni zawadi, tukale na watoto wetu. Nkambo alitandika majani chini, tukapanga nyama yote juu yake. Wakubwa wakatoka, na yule karani nyuma yao, anatazama pembeni. Nkambo hakuhangaika na wakubwa. Alimwendea karani.

"Wewe unajua maana ya hii nyama," akamwambia. "Ubaambie bakubwa bako."

Karani akawaambia kwa Kifaransa, polepole, ameinamisha kichwa.

Sitakudanganya kwamba waliondoka. Kilima walikichukua, walikuja na karatasi na askari, na leo ni shimo. Lakini watu wa serikali walipokuja kuuliza habari za bonde, karani yule yule alilazimika kusema mbele yao kwamba Kamwenda wamekataa. Angesema nini tena, na barabara nzima ilituona tukipita na mabeseni? Mvua ile tulikula sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Bonde lina mihogo mpaka leo, ingawa malori yanaitia vumbi tukiianika.

Sasa wamekuja wengine, na jina jingine. Wameleta magunia ya unga na jezi za mpira, na chefu mpya ameahidiwa pikipiki. Wenzako wameanza kuvaa zile jezi, na wananiambia, "Nkambo, bitu bilibadilika." Vimebadilika wapi? Bonde ni lile lile, na wanalolitaka ni lile lile.

Kwa hiyo shika neno langu. Mgeni mpe kiti, mpe maji, msalimie vizuri. Lakini usitie kitu chake mdomoni kabla hujajua anakuuliza nini. Na kama wamekuwahi, mmekwisha kuchinja au kuvaa, usikubali kuambiwa kwamba mmechelewa. Kirudisheni kitu kama kilivyo, mchana, kwa barabara kubwa, na anayejua maana yake mlazimishe aitamke kwa mdomo wake. Usione haya kwa sababu una njaa. Anayepaswa kuona haya ni yule aliyechagua mwezi wa njaa kuja na mbuzi.

Miguu yangu haifiki tena getini. Nipakieni kwenye baiskeli, nitakwenda.

Mungu aliyewapa wazee wetu bonde hili akupe na wewe kinywa kigumu. Mihogo yako izae, watoto wako washibe kwa jasho lako, na uzeekee Kamwenda, mwanangu, bila kumshukuru mtu kwa kukuachia kilicho chako.