Kopo la Vifungo

Mama Pacha, kama mtaa mzima ulivyomwita, alishona nguo za watu sebuleni kwake, na chini ya cherehani lilikaa kopo la vifungo. Kopo hilo ndilo lililomlea mwanawe wa kiume. Kila asubuhi alimwagiwa vifungo mkekani, na mama, huku akikanyaga cherehani, alimwuliza: hiki rangi gani, kipi kikubwa, vingapi vimebaki? Mtoto akijibu mambo ya ajabu, mama alicheka mpaka uzi ukakatika. Bibi yao naye hakuishiwa sifa: huyu ana kichwa, huyu atatutoa kimasomaso.

Na pacha wake wa kike je? Huyo alisifiwa kwa kunyamaza. Mtoto hana makuu, bibi alisema, utadhani hayupo. Kazi yake ilikuwa kuokota vifungo kaka akishachoka, asibakize hata kimoja. Akijaribu kuuliza jambo, alitumwa maji. Si kwamba mama hakumpenda. Alimpenda sana, ila mazungumzo yote aliyapeleka upande mmoja, na wala hakujiona.

Ikafika siku ya kupimwa ili waanze shule. Mama alikwishawashonea sare mapema, za kitambaa kimoja, maana alitaka waingie pamoja kama walivyozaliwa. Mwalimu akamwaga kopo la vizibo vya soda mezani, akamwambia mvulana avichezee, huku akieleza anachofanya. Mvulana akavipanga kwa rangi, akavihesabu, akamchosha mwalimu kwa maneno.

Zamu ya binti ilipofika, vizibo vikamwagwa upya. Binti akainuka, akavikusanya vyote haraka haraka, akainama mpaka chini ya meza kutafuta kilichodondoka, akafunika kopo na kufunga mikono. Mwalimu akamwaga tena. Akakusanya tena. Alipoulizwa rangi alimtazama kaka yake, na kaka yake ndiye aliyejibu.

Mwalimu alikuwa mpole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Wa kiume aje Jumatatu," alisema. "Huyu mrudishe mwakani, mama. Labda ni mzito kidogo wa kuelewa."

Mama alitaka kumtetea. Angesemaje? Kwamba mtoto si mzito, ila hakuna aliyewahi kumwuliza kitu? Wala hakuwa na wa kumtupia lawama.

Walipofika nyumbani alitundika sare moja ukutani, nyingine akaisukuma ndani ya sanduku bila kuitazama. Akamtoa mvulana nje, akamkalisha binti mkekani, akamwaga vifungo vyote mbele yake.

"Haya, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kubembeleza ambayo binti hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake.

Binti alivitazama vifungo, akamtazama mama yake.

"Kaka ameshamaliza?" aliuliza.

Binti akavuta kopo karibu, akaanza kuokota.