Mkunga na Injini Iliyokuwa Ikikohoa

Kitu cha kwanza utakachokiona kwa Mkunga, ukimkuta gereji, ni kwamba ananawa kabla ya kazi. Mafundi wengine hunawa wakimaliza, wakiwa weusi mpaka kwenye viwiko. Yeye huanza na karai la maji ya uvuguvugu na kipande cha sabuni. Husugua kidole kimoja kimoja, hupanda hadi kwenye viwiko, hukung'uta maji hewani, kisha ndipo humwambia shemeji yake, "Haya, fungua boneti." Alizalisha wanawake kwa miaka thelathini na minne, na kustaafu hakukumwondolea mazoea hayo.

Shemeji yake, mdogo wa mume wake, ndiye mwenye gereji. Mtaa mzima unamwita Spana, naye amelizoea jina hilo kiasi kwamba akiitwa lake la kweli hageuki.

"Shemeji," Spana alimwambia siku moja huku akicheka, "hii ni injini, si mjamzito."

"Uchafu ni uchafu. Nyoosha mikono nione kucha."

Spana, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili mwenye mafundi watatu chini yake, alinyoosha mikono. Kucha zilikaguliwa. Akaelekezwa kwenye karai.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, lenye taa mbili za mviringo zilizolifanya lionekane kama limeshtuka. Lilikuwa limempeleka Mkunga nyumba kwa nyumba tangu ujana wake kazini, na watoto wawili, kwa haraka zao, walizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma. Alipostaafu aliamua kulirudisha lilivyokuwa siku ya kwanza. Kutu ilikatwa, mabati yakanyooshwa, rangi ikapigwa, viti vikashonwa upya. Kilibaki kitu kimoja tu, injini, nayo ilikuwa imenoki. Ilipozunguka ilitoa mlio wa nyundo ndani, ko, ko, ko, mpaka Spana akaizima na kuapa kwamba haiwashi tena. Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita.

Spana alikuwa na injini nyingine ya kuweka, ya gari la juzijuzi lililogongwa kwa nyuma. "Inawaka ukiigusa tu, Shemeji. Hainywi mafuta. Haipigi kelele. Utafikiri umekalia godoro."

Hapo kwenye kelele ndipo palipokuwa na shida.

Mume wa Mkunga alikuwa mkutubi. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha watu, na hata nyumbani, mtu akikoroga chai kwa nguvu, kidole chake kilipanda mdomoni. Kelele moja tu aliipenda, ya gari la mke wake. Injini ile ilikuwa na tabia ya kukohoa mara mbili ikipunguza mwendo kwenye kona ya nyumbani, ikanyamaza kidogo kama inayokumbuka jambo, ikakohoa mara ya tatu, kisha ikanguruma. Miaka miwili iliyopita macho ya mkutubi yalizimika. Aliacha kusoma, akaacha kutoka peke yake. Ilimbakia kazi moja ambayo hakuruhusu mtu mwingine aiguse, nayo ni kufungua geti. Kikohozi cha kwanza, anasimama. Cha pili, ameshashika ukuta. Cha tatu, mkono uko kwenye komeo. Mkunga hakuwahi kupiga honi hata siku moja. Tangu gari lilazwe gereji, mkutubi alishinda kwenye kiti chake barazani, mikono mapajani, kama mtu aliyefukuzwa kazi na bado hajaambiwa kosa.

Lakini ukimwambia fundi kwamba unataka injini ibaki kwa sababu inakohoa, atakupima homa. Kwa hiyo Mkunga alitafuta sababu ya kifundi. Alifungua mkoba wake akatoa ile pembe ya mbao aliyokuwa akisikilizia mapigo ya mtoto tumboni.

"Washa."

"Shemeji, niliapa."

"Nusu dakika. Unajua ni wangapi wameniambia hawawezi, na wakaweza?"

Spana aliwasha. Mkunga aliinama, pembe ubavuni mwa injini, sikio kwenye pembe, macho kayafumba. Mafundi watatu waliacha kazi. Mteja mmoja alivua kofia.

"Silinda ya tatu," alisema. "Chomoa waya wa plagi yake."

Spana aliuchomoa shingo upande. Ule mlio wa nyundo ukapungua papo hapo.

"Umesikia? Mgonjwa ni mmoja. Watatu wazima. Wewe unataka kuzika familia nzima?"

"Umebahatisha," alisema Spana, lakini alijikuna kichwa mpaka kalamu ikadondoka kutoka nyuma ya sikio.

Kabla hawajakubaliana, binti wa Mkunga aliyeolewa mbali alijifungua, na Mkunga akaenda kumsaidia kwa wiki mbili. Aliporudi alimkuta Spana kituo cha basi, anang'aa kwa furaha, ameegemea gari la rangi ya maziwa.

"Zawadi yako ya kustaafu, Shemeji. Usiseme kitu. Endesha tu."

Alikuwa ameweka ile injini nyingine.

Mkunga alitaka kukasirika, akaahirisha. Aliendesha. Na ukweli lazima usemwe, alifurahi. Kile kilima ambacho siku zote alikipanda akiomba dua, safari hii alikipanda akisimulia habari za mjukuu. Kwa dakika kumi nzima alikuwa na raha ya mtu anayekula kwa kujificha. Alifika nyumbani, akasimama mbele ya geti, akasubiri.

Geti halikufunguka.

Akapiga honi.

"Nani?" mkutubi aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mume wangu."

"Sauti ni ya mke wangu. Gari si lake. Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

"Kwa gari la nani?"

"Langu!"

"Mke wangu, tumeishi miaka thelathini na sita. Mwambie huyo dereva ateremke anisalimie, kama ni mtu mwenye adabu."

Spana, aliyekaa kando ya Mkunga, alitoa kichwa dirishani. "Kaka, ni mimi!"

"Wewe ndiye unyamaze kabisa. Tangu lini ukapanda gari lisilopiga kelele?"

Dirisha la jirani lilifunguka, kisha la jirani wa pili. Mwishowe mkutubi alitoka akalipapasa gari. Mbonyeo wa mlangoni alioujua haukuwepo tena. Kiti kilikuwa kigeni. Alizidi kukunja uso mpaka mkono wake ulipofika kwenye kishikio cha kushushia kioo, ambacho yeye mwenyewe alikitengeneza kwa mpini wa kijiko, na ambacho Mkunga alikataa kisibadilishwe.

"Aa," alisema taratibu. "Kumbe ni lenyewe. Wamelinyamazisha."

Hakulalamika. Usiku huo wakati wa kula alisema injini mpya ni nzuri, kwamba atazoea. "Wewe piga honi tu, nami nitafungua."

Alitimiza ahadi. Jumatatu alimfungulia muuza mikate. Jumanne alimfungulia dereva wa teksi, ambaye aliingia, akageuza gari, akashukuru, akatoka. Jumatano lori lilipiga honi kuwafukuza mbuzi barabarani. Dereva wake alikuwa akitafuta nyumba inayojengwa, na alipoona geti liko wazi na mzee wa heshima anamkaribisha kwa mkono, hakuuliza zaidi. Alirudi kinyumenyume akamwaga.

Mkunga, aliyekuwa ametoka kwa miguu kwenda dukani, alikuta kilima cha kokoto kimefika usawa wa dirisha la sebule.

"Nilidhani umenunua kitu," mkutubi alisema.

Mkunga alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona mkono wa mume wake bado uko kwenye komeo, ukilisogeza huku na huku, haujui ufunge au uache. Kicheko kikamwishia.

Kesho yake asubuhi aliingia gereji na sabuni mkononi. "Toa. Nirudishie ile yangu."

"Shemeji! Siku tisa nimelala chini ya gari hili! Nipe sababu moja ya kifundi."

"Kaka yako ana kokoto hadi dirishani."

Alimweleza yote, kikohozi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Spana alimsikiliza akiwa ameikalia injini yenyewe ya zamani, maana aliifanya kiti cha wateja na kuiwekea mto. Alipomaliza kusikiliza alisimama, akautoa ule mto.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ungenipima homa."

Spana alikwenda mwenyewe kwenye karai, bila kuelekezwa, akanawa hadi kwenye viwiko.

Walipoifungua walikuta beringi ya konrodi, ule mkono wa chuma wa silinda ya tatu, imelika kama biskuti, na zile nyingine tatu zinang'aa. Spana aliitazama kwa muda mrefu, akawaita mafundi wake wote watazame, halafu akaomba aonyeshwe ile pembe inavyoshikwa. Krenki, mhimili unaozungushwa na konrodi hizo, ilipelekwa kwa fundi wa kuchonga vyuma mtaa wa nyuma, ambaye aliweka pembeni kazi za watu wote. Alikuwa mmoja wa wale wawili wa kiti cha nyuma. "Hili gari ndilo lililonipokea, Mama," alimwambia Mkunga. "Nitawaambiaje wangoje foleni?"

Ugomvi wa mwisho ulikuwa kwenye kabureta, ambako kikohozi kilitoka.

"Naisafisha," alisema Spana.

"Huigusi."

"Shemeji, fundi gani anaiachia injini ikohoe makusudi? Watanicheka mjini!"

"Waambie mgonjwa alikataa dawa."

Hata hivyo Mkunga mwenyewe hakuwa na hakika. Injini iliyofunguliwa na kufungwa upya, nani anajua itatoka na sauti gani? Hakulala vizuri siku mbili.

Leo ni Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano. Gari liko katikati ya gereji, injini yake ya zamani imerudi mahali pake, mafuta yamejazwa. Spana na mafundi watatu wamesimama kwa mstari, mikono imelowa, imeinuliwa juu isiguse kitu. Mkunga amekaa nyuma ya usukani. Simu inaita.

"Mmeshawasha?" anauliza mkutubi. Yuko getini tangu saa moja. Amenyoa ndevu. Komeo amelipaka mafuta ili lisilie likafunika sauti. Jirani amezimishwa redio, na seremala wa ng'ambo ameombwa aweke randa chini.

"Bado. Tumemaliza kunawa sasa hivi."

"Msiiharakishe."

"Hatuiharakishi."

Mkunga anaweka simu juu ya dashibodi bila kuikata, anashika ufunguo, anainama kidogo kuelekea kwenye boneti. "Haya, mama," anaiambia injini kwa ile sauti yake ya kazini. "Pumua. Kisha sukuma."

Kwenye simu, mkutubi anamnyamazisha mtu fulani kule mtaani.

"Shh," anasema. "Shh. Subirini."