Pasi kwa Mgeni

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa shikola, yaani shule yetu, nimeinama nakung'uta mchanga kwenye viatu, mpira ukaanza kudunda kwenye saruji ya uwanja. Midundo yetu sote niliijua. Ilikuwa mizito na ya kusitasita, kama mtu anayetwanga huku anaongea na jirani. Huu ulikuwa mwepesi, wa chini chini, ukienda mbio, ukipoa, ukienda mbio tena. Kisha kimya. Kisha pete ya chuma ikalia kidogo tu, kama iliyoguswa na ukucha. Nikazunguka ukuta kiatu kimoja kikiwa mkononi.

Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega ya mwogeleaji na uso wa mtu aliyeamshwa sasa hivi. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, ametumwa kwetu Palma kutoka kusini ya mbali, kusaidia kuifungua upya ofisi baada ya watu kurudi kutoka walikokimbilia wakati wa vita. Watumishi wengi waliziacha familia zao Pemba. Yeye alikuja na binti yake, maana mkewe alikuwa amefariki na hakuwa na wa kumwachia.

Timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu ilikuwa mpya kama mabati ya paa la shule. Aliyeianzisha ni mwalimu wetu wa historia, mwanamke wa Nampula, aliyesema kwamba watoto waliokimbia sana wafundishwe kukimbia kwa sababu nyingine. Kwa muda mrefu tulifungwa na kila mtu. Tulifungwa hata na wasichana wa Olumbi, ambao uwanja wao ni mchanga mtupu na mpira haudundi mchangani. Walijifunza kupasiana kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kwenda mbele.

Yule mgeni alipoingia, tukaacha kufungwa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Alikuwa anaupokea mpira katikati ya uwanja, anatutazama sote kama mtu anayechagua pa kuketi, halafu anakwenda. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa shule wakaanza kuja: wauza samaki na ndoo zao, kina mama waliotoka msibani, askari waliomaliza zamu. Mji wetu ulikuwa umezoea kukusanyika kwa ajili ya habari mbaya. Sasa ulikusanyika kumtazama msichana akiruka.

Alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu. Kiswahili alikijifunzia kwetu, jikoni, kwa hiyo kilikuwa cha mamangu, na ndani yake Kireno kikitokeza hapa na pale. Karibu kila Jumamosi alikula kwetu. Siku moja mama alipika wali na changu wa nazi, sote tukaketi mkekani kuizunguka sinia. Nasi tunakula na mgeni hivi: kilicho bora husogea upande wake. Hakuna anayeamuru. Vidole vyenyewe vinajua. Wewe unakula wali na mchuzi pembeni, na mnofu unausukuma polepole mpaka unafika mbele yake, na mgeni akimaliza huo, mwingine umeshafika.

Rafiki yangu akaacha kutafuna. Akatazama vidole vyetu, kisha akacheka mpaka punje za wali zikamtoka.

"Epá!" akashangaa kwa Kireno chake. "Mama! Kumbe ndivyo wanavyocheza."

Mama akauliza nani anacheza na chakula. Rafiki yangu akaeleza kwamba uwanjani tunafanya hivi hivi: mpira ukitufikia, tunamsogezea yeye, hata kama aliyeushika amesimama chini ya pete na yeye yuko mbali amebanwa.

"Sasa unataka wakunyime?" mama akasema.

"Nataka na wao wale, mama."

Tukacheka. Mama akamwambia sisi tupo kila siku, mgeni ni yeye. Rafiki yangu akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuisahau, "Mpaka lini?" Mama hakulisikia kama swali. Akamsogezea kichwa cha samaki.

Mwalimu naye aliliona jambo hilo. Mazoezini akaweka sheria kwamba mgeni haruhusiwi kufunga, na sisi tukafunga vizuri tu. Aliyefunga kuliko wote alikuwa kapteni wetu, binti wa fundi wa nyavu, mfupi, mwenye miguu ya upinde na mkono usiokosea akiwa karibu na pete. Lakini mechi ikija, watu wakijaa, mikono yetu ilirudi nyumbani. Kumnyima mpira kulikuwa kama kumega mnofu mbele ya macho yake. Mwalimu alipiga kelele pembeni ya uwanja mpaka sauti ikakauka. Tulimsikia, na tukaendelea kushinda, na anayeshinda hasikii sana.

Kisha baba yake akahamishwa Lichinga, mbali kabisa, ng'ambo ya pili ya kaskazini. Rafiki yangu hakutaka kwenda. Alisema amehama tangu anazaliwa, na hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo mtu akigonga mlango huitikiwa kabla hajataja jina. Mama akaenda mwenyewe kwa baba mtu, amevaa leso zake mpya, akamwomba amwachie binti mpaka amalize shule. Nilikuwa nimekaa kando na rafiki yangu, tumeshikana mikono kama watoto.

Yule mzee hakuwa mkali. Alisema anajua tunampenda. Alisema pia kwamba kila usiku tangu afike Palma analala na sikio moja wazi, na ndugu zake kule kusini wanamuuliza kila mara kwa nini yuko na mtoto huku.

"Siwezi kumwacha kwa mapenzi tu, mama. Nipeni sababu ninayoweza kuwaambia."

Sababu tuliyokuwa nayo ilikuwa moja. Mashindano ya wilaya za pwani na bara yalikuwa yanakaribia, Mocímboa da Praia, na timu itakayoshinda ingechezea jimbo. Akafikiri, akakubali: tukishinda, binti atabaki kwetu na atamaliza shule chini ya paa la mama. Tukishindwa, wataondoka pamoja. Njiani kurudi mama alisema jambo limekwisha, maana nani ataweza kumfunga mtoto yule.

Tulikwenda nyuma ya lori, tukiimba mpaka tulipopita Olumbi. Fainali ilikuwa dhidi ya wasichana wa Mueda, walioteremka kutoka nyanda za juu kwa njia ya Awasse na kufika wamepauka vumbi mpaka kope. Kapteni wetu akawatazama wakijinyoosha.

"Nyota wao yuko wapi?" akauliza.

"Labda kabaki anapalilia muhogo," mmoja wetu akajibu, na tukacheka kwa jeuri.

Hawakuwa na nyota. Mpaka leo nikijaribu kukumbuka uso wa mmoja wao nakumbuka mikono tu. Mpira ulipita kwao kama maji ya kunywa yanavyopita kwa watu waliolima pamoja, anapokea aliye karibu, anakunywa, anapitisha. Aliyekosa hakuinamisha kichwa. Aliyefunga hakuinua. Na kila rafiki yangu alipogusa mpira, wawili walimsimamia, mara nyingine watatu, na sisi wengine wakatuacha peke yetu kabisa. Walikuwa wameshatujua. Waliona kwamba hatutakula.

Alifunga hata hivyo. Alifunga akiwa ameangushwa, alifunga akiwa amewapa mgongo, na fulana yake ilikuwa imelowa kama aliyetoka baharini. Baba yake alikuwa jukwaani, amesimama muda wote, na naapa nilimwona akipiga makofi.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja tu. Mpira ulikuwa kwake. Watatu wakamfunika, sikumwona tena, niliona viwiko tu. Kisha kutoka chini, katikati ya magoti yao, mpira ukatoka ukidunda mara moja, ukaenda moja kwa moja mikononi mwa kapteni wetu.

Kapteni alikuwa chini ya pete. Hakuna aliyekuwa naye. Mahali pale, kwa mkono ule, mazoezini alikuwa anafunga akiwa anapiga soga. Akainua macho, akaiona pete. Kisha akageuka, kwa adabu, kwa upole ule ule wa vidole kwenye sinia, akaurudisha kwa mgeni. Mpira ukagonga mgongo wa msichana wa Mueda na kutoka nje, na filimbi ya mwisho ikalia.

Hakuna aliyemlaumu. Tungemlaumuje? Kila mmoja wetu alijua mikono yake mwenyewe ingefanya nini. Alikaa kwenye saruji, amejifunika uso kwa fulana, na rafiki yangu akaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Nilikuona wewe tu," kapteni akasema.

"Na mimi nilikuona wewe, dada."

Alimfuta machozi kwa kiganja, na ndipo yeye mwenyewe akaanza kulia.

Palma walibishana muda mrefu. Sokoni walisema bila mtoto yule tusingefika hata Mocímboa, na ni kweli. Wengine wakasema yeye ndiye aliyetulemaza, tulimtegemea tukasahau tuna mikono, na hilo ninalikataa mpaka leo. Timu isiyo na nyota hushinda, niliiona kwa macho yangu. Timu yenye nyota nayo hushinda, kama nyota huyo ni mtu wa nyumbani, mtu unayeweza kumnyang'anya kipande mdomoni na mkacheka. Yeye aliomba kuwa hivyo kwetu. Tulimpa heshima badala yake, yote tuliyokuwa nayo, na heshima hiyo ikamfungashia mizigo.

Asubuhi ya safari alikuja kuaga. Gari la baba yake lilikuwa barabarani, injini inanguruma. Mama alikuwa amejaribu tena jana yake, akaambiwa kwa upole kwamba neno ni neno. Sasa alitoka chumbani anajifunga leso, anatafuta kandambili, maana kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani na nyumba nzima, na mizigo yake hubebwa. Mimi nilishaushika mfuko wake.

Rafiki yangu akauchukua mkononi mwangu.

"Msinisindikize," akasema. "Mama, wewe kaa tu jikoni. Niache nitoke kama anavyotoka huyu akienda shule."

Mama alibaki amesimama na kandambili moja mguuni. Kwake hilo lilikuwa jambo la aibu mbele ya majirani. Halafu akageuka, akaenda jikoni, akaanza kugonga gonga sufuria ambazo hazikuwa na kitu.

"Haya, nakwenda," rafiki yangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Usichelewe," mama akajibu kutoka ndani.

Nilibaki pale pale nilipokuwa, mikono mitupu. Alitoka bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma yake, akauvuta mlango ukafungika.