Ndege Zile, Ndege Wale

Sipendi kuambiwa kwamba jambo fulani ni kwa usalama wangu. Mtu akianza hivyo, mimi tayari nimekunja uso. Tabia hiyo mama yangu alikuwa nayo na mimi nikaidharau. Aliyenifanya niivae ni bibi mmoja wa Kiingereza niliyemhudumia Stockholm katikati ya miaka ya themanini, na kabla sijaivaa, nusura nimpokonye nyumba yake kwa neno moja.

Nilifika Sweden kutoka Bukoba kwa mafunzo, nikaolewa na Mtanzania mwenzangu, nikaachika, nikabaki. Nilipanga chumba Rissne wakati stesheni ya treni ya chini ya ardhi bado inanuka rangi mpya. Kazi niliyopata waliiita hemsamarit: unazunguka kwa wazee majumbani mwao, unawapikia, unawaogesha, unawanunulia maziwa, na kabla ya kuondoka unaandika kwenye daftari yaliyotokea siku hiyo. Nilikuwa katika miezi ya majaribio. Kupika nilijua, kuogesha nilijua. Daftari ndilo lililonitoa jasho, maana liliandikwa kwa Kiswidi, nami miaka yote ile nilikuwa nimejificha nyuma ya Kiingereza. Darasa la Kiswidi nilikuwa ndiyo kwanza nimelianza.

Bibi alikuwa na miaka themanini kasoro miwili. Alikuwa mjane wa baharia wa Kiswidi aliyemwoa vita kuu ya pili ilipokwisha. Aliishi peke yake ghorofa ya tatu, jengo la zamani lisilo na lifti, vituo vichache kutoka kwangu. Ofisi ilinipeleka kwake kwa sababu ya Kiingereza changu. Siku ya kwanza alinikagua kutoka kichwani hadi viatuni, akasema chai nitapika mimi lakini yeye ataionja, na ikiwa mbaya nirudi kwetu. Nilifaulu.

Sasa, Stockholm wana desturi ya kujaribu ving'ora vya vita mara chache kwa mwaka, Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri. Kila mtu anajua na hakuna anayeinua kichwa. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilikuwa jikoni napiga pasi blauzi ya Bibi kile kilio kilipopanda juu ya mapaa, na mwili wangu haukuniuliza. Nilijikuta chini ya meza, mikono kichwani, macho nimeyafumba.

Nilipoyafumbua niliona viatu vyake. Alichomoa pasi kwanza, kwa kuwa blauzi ilianza kuungua, kisha akavaa kofia yake ya kutokea, akafungua dirisha wazi kabisa na kusimama pale huku baridi ikiingia.

“Hawakunikuta chini ya meza wakati ule,” alisema, “na hawatanikuta leo. Toka huko, binti. Wewe nani alikutupia mabomu?”

Nilimweleza kwa kifupi: Bukoba, vita ile ya mpakani, ndege za nchi jirani zilizokuja mchana kweupe na vioo vya maduka vikamwagika barabarani. Alinisikiliza kama mtu anayepewa habari za kijiji chake mwenyewe. Halafu akaanza zake.

Kwao ilikuwa London, upande wa mashariki karibu na magati. Kila mwisho wa kiangazi wanawake wa mtaa wao walibeba watoto na masufuria wakaenda mashambani kuchuma maua yanayotiwa kwenye bia. Hiyo ndiyo iliyokuwa likizo yao. Mwaka ule wa vita waliambiwa wasiende, anga ya huko ni ya hatari. Mama yake Bibi akasema maua hayatajichuma yenyewe, wakaenda. Juu yao ndege za Waingereza na za Wajerumani zilifukuzana mchana kutwa, zikichora mistari myeupe iliyopindana. Maganda ya risasi yalidondoka yakiwa bado ya moto. Wanawake walivaa masufuria vichwani wakaendelea kuchuma.

Siku moja rubani alishuka kwa mwavuli katikati ya mimea, nusu ya uso imeungua, anapiga kelele kwa lugha wasiyoijua. Wakamzunguka, miti ya kutegemezea mimea mikononi. Mama yake Bibi alikuwa ameshainua wa kwake ndipo yule mtu alipopata maneno mawili ya Kiingereza kibovu, kwamba yeye ni rafiki, yeye ni mtu wa Poland. Kumbe alikuwa akiwapigania wao.

“Tulikaribia kumuua kwa sababu ya lafudhi,” Bibi alisema. “Mama alimpa chai, halafu akamfokea kwa nini hakusema mapema.”

Walirudi London wakati mabomu yameanza kumwagwa juu ya nyumba za watu. Walitundika mapazia meusi na kubandika karatasi kwenye vioo. Wenzao wengi walikwenda kulala kwenye stesheni za treni za chini, wao wakalala kitandani kwao. Bibi alikuwa msambazaji wa barua. Kila asubuhi alipanda juu ya matofali ya nyumba zilizokuwa nzima jana yake, ana bahasha mkononi, anatafuta namba ya mlango na mlango haupo. Kuna mzee mmoja alimkuta ameketi kwenye kiti cha jikoni juu ya kifusi cha nyumba yake, amevaa tai, anasubiri barua. Akampa. Mzee akashukuru na kuuliza mbona amechelewa leo. Paa la kina Bibi liliondoka mwezi wa pili wa mashambulizi, wakafunika turubai. Ofisa aliyekuja kuwahamisha kwa usalama wao alisindikizwa mpaka njiani kwa ufagio.

Nilicheka siku ile kuliko nilivyocheka mwaka mzima. Nikakaa na daftari, kifua mbele, nikaandika.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mwalimu wetu wa Kiswidi aliwahi kutuonyesha picha ya kunguru akasema fågel, nami pembeni nikaandika “ndege”. Basi. Katika kichwa changu ndege ilikuwa fågel na fågel ilikuwa ndege. Kwa Kiswahili ungejua mara moja: ndege wale wana manyoya, ndege zile zina mabomu. Kiswidi hakikunipa huruma hiyo. Niliandika kwamba king'ora kimelia, kwamba Bibi amesimulia fåglar, yaani fågel wengi, waliodondosha mabomu juu ya nyumba yake, kwamba yeye haogopi fåglar, na kwamba amefungua dirisha ili wamwone. Nikatia sahihi kwa fahari, maana ilikuwa mara ya kwanza kuandika mistari minne bila kufuta.

Jumamosi nilimsimulia jirani yangu, Mganda aliyekimbia utawala uleule ulioturushia sisi mabomu. Tulikuwa tumeshataniana sana juu ya hilo. Yeye Kiswidi alikuwa amekimeza.

“Umeandika aje?” aliuliza.

“Fåglar.”

“Banange! Wewe dada, fågel ni ile ya manyoya, ile inataga yai! Ile ya bomu wanaita flygplan!” Alicheka mpaka akashika ukuta. “Na vile munatusumbuaga na Kiswahili yenu ya shule, eti ndege wale, ndege zile. Leo imekushika.”

Nilicheka na mimi. Kisha kicheko chake kikakatika.

“Lakini hiyo daftari, nani anasoma?”

Daftari lilikuwa limeshasomwa. Jumatatu iliyofuata nilimkuta Bibi mezani na barua kutoka ofisini. Msimamizi wangu angekuja Alhamisi na fomu. Kutokana na taarifa za karibuni kuhusu hali ya akili yake, na kwa kuzingatia ngazi na umri, nafasi ilikuwa imepatikana katika nyumba ya wazee. Ilisema ni kwa usalama wake mwenyewe.

“Taarifa gani?” Bibi aliniuliza. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi aliyoishika. “Nimefanya nini?”

Nilimwambia hapohapo. Nilimwambia ndege, nikamwambia manyoya, nikamwambia kosa ni langu. Nilitegemea anifukuze na ningeona ni haki. Aliikunja barua, akasema yule mtu wa Poland angalau alijieleza kabla ya mti kushuka, na mimi nina mpaka Alhamisi.

Siku tatu zile sikula vizuri. Si kwa kuogopa kupoteza kazi, ingawa kazi niliihitaji. Ni kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kumhamisha mtu mzima kwa usalama wake. Mabomu yalipoanguka Bukoba, ndugu zangu wote walisema tuondoke, na mama akakataa. Alisema ana migomba yake, msimu wa senene umefika, na ndege zikija ataingia chini ya migomba. Mimi ndiye niliyemshinda nguvu. Nilimpeleka Shinyanga kwa binamu yangu, nchi kavu isiyo na mgomba hata mmoja, kwa watu wanaosema lugha asiyoijua. Alikaa kwenye kiti uani, mkeka hautaki, chakula hakipendi, akiuliza kila siku ni lini atarudi. Mwezi wa nne tangu afike, alikufa. Daktari hakuona ugonjwa. Nyumba yetu Bukoba nilipoirudia haikuwa imeguswa hata bati moja, na migomba ilikuwa imelemewa na ndizi zisizo na mvunaji. Nilijichukia kwa hilo na bado sijaacha.

Alhamisi msimamizi alikuja saa nne asubuhi. Alikuwa mama mwema, mwenye sauti laini na soksi za sufu, na wema wake ndio ulionitisha. Bibi alikuwa amevaa kofia. Msimamizi alimshika mkono akamuuliza polepole, kama anavyoulizwa mtoto, kama wale fåglar wanakuja bado.

“Wanakuja kila asubuhi,” Bibi alijibu kwa Kiswidi chake safi. “Ni shomoro. Nawatupia makombo. Walionitupia mabomu walikuwa Wajerumani, na walikuja na injini.”

Nikaingilia. Nilisema neno ni langu, nikaeleza Kiswahili chetu, nikachora kwenye karatasi kunguru na ndege ya vita, na juu ya vyote viwili nikaandika “ndege”. Msimamizi alitazama michoro, akatazama daftari, akawa mwekundu. Alicheka kidogo. Nikadhani tumepona.

Hatukupona. Alisema amefurahi kwamba akili ya Bibi ni timamu, lakini fomu imeshajazwa, nafasi ipo na huenda isipatikane tena, ngazi ni nyingi, na mtu wa umri huu akianguka peke yake nani atamsikia? Huko kuna joto, kuna wauguzi, kuna wenzake.

“Wenzangu wako London chini ya ardhi,” Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa imara, lakini vidole vyake vilikuwa vimeushika ukingo wa meza, na ndipo nilipomwona anaogopa. Mwanamke aliyevaa sufuria kichwani chini ya vita ya angani alikuwa anaiogopa karatasi.

Kiswidi changu kilikuwa kibovu na sikukionea haya. Nilimwambia msimamizi habari za mama yangu, kwa maneno machache niliyokuwa nayo: nyumba, bomu, mimi kuchukua mama, mahali pazuri, mama kufa. Nilimwambia pale Shinyanga mama alikuwa salama kabisa. Hakuna bomu lililomgusa. Alikufa salama.

Msimamizi aliuliza, kwa upole uleule, kama niko tayari kuandika jina langu kwamba nimemwona Bibi anajiweza na nitapanda ngazi zile kila siku, hata siku zangu za kupumzika. Alinikumbusha kwamba niko kwenye majaribio. Nikachukua kalamu yake na kuandika majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa, na wino ukapenya upande wa pili.

Alivuta fomu kwake, akapiga mstari juu ya yale ya awali na kuandika juu yake. Alitusomea: mkazi anabaki nyumbani kwake, kwa sasa.

Bibi aliachia meza, akapumua. Alikuwa tayari kushukuru. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nikiyatazama yale maneno mawili ya mwisho. Ndiyo niliyomwambia mama nilipokuwa namwinua kwenye lori, naye amenishika shingo kwa mikono yote miwili: ni kwa sasa tu, Mama, kwa sasa.

“Futa hayo,” nilimwambia msimamizi.

Aliniuliza yapi. Nikayawekea kidole, na sikukiondoa mpaka alipofuta.