Ukoo wa Mbinguni

Jumapili iliyopita nilienda mtaa wa Umoja, kwa kina mpenzi wangu Nekesa, nikiwa na wasiwasi. Baba yake alikuwa anatoka Bungoma kuja kuamua kama nitamwoa. Ili nitulie, kaka yake Wafula alinikaribisha kwenye mchezo wao wa kete, ambamo kila mtu hujifanya mhusika wa hadithi. Nikapewa nafasi ya mfalme ambaye damu yake imebarikiwa na Mungu.

Akaingia mzee mwenye koti. Nikadhani ni jirani tuliyekuwa tukimngoja acheze nasi.

"Kijana, wewe ni wa ukoo gani?"

Nikapanda stuli. "Ukoo ulioteremshwa kutoka mbinguni! Piga magoti, mzee!"

Wafula akanivuta shati. Nikarudia kwa sauti zaidi.

Nekesa akaleta chai. "Baba, mmeshasalimiana?"

"Bado. Kwanza nimeambiwa nipige magoti."