Mfagiaji na Mdenmaki wa Barafuni

Mama anayefagia maktaba yetu hapa Kakamega huvua ndara akifika rafu ya safari. Hupangusa mikono kwa leso, kisha hufungua kitabu kilekile, cha Mdenmaki aliyepotelea kwenye barafu katika safari yake ya tatu. Husoma kwa kidole, midomo ikitembea. Mimi karani sikujua anatafuta nini humo, mpaka jana aliponiita.

"Karani, huyu walimzikaje?"

"Hawakumzika, mama. Mwili haukupatikana."

"Sisi, mtu asipopatikana, tunazikanga mgomba. Wazee wakitaka kuuzika wa kijana wangu, ninakataanga." Kidole hakikutoka kwenye ukurasa. "Mama ya huyu alikubali?"

Nikapekua kitabu kizima. Majina ya mbwa waliomvuta barafuni yamo yote. La mama yake silioni.