Mwali wa Nyumba ya Bwana Adelard

Mniache niseme. Nyumba ile ya Chanika mnakopeleka wageni mkawaonyesha kiti alichopumzikia Bwana Adelard, mie nimekaa ndani yake zaidi kuliko yeye mwenyewe. Yeye alikujaga Jumamosi, amechoka na mikutano ya chama cha kudai uhuru mjini, ale mihogo, alale, Jumatatu hayupo. Mama yangu, Mwanaheri, ndiye aliyempikia na kumtunzia nyumba. Baba alikuwa askari jela Ukonga. Mie nilikuwa darasa la nne, na Alhamisi moja ya mwaka hamsini na tano nilikuwa nifanye mtihani wa kwenda shule ya kati.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, asubuhi, likaja gari la polisi.

Enzi hizo mtumishi wa serikali akijulikana yumo kwenye chama, kazi hana. Na daftari la wanachama Bwana Adelard alikuwa ameliacha kwetu, jina la baba ukurasa wa kwanza, na saini kaipamba kwa mbwembwe, baba yangu yule! Mama aliposikia gari, alinikokota hadi chumba cha nyuma, akanilaza mkekani, daftari chini ya mgongo wangu, akanifunika kaniki gubigubi.

"Ukikohoa tu, baba yako kwisha."

Nikasikia buti. Makabati yakafunguliwa, magunia ya mpunga yakamwagwa. Kisha mzungu, mkubwa wao, akasimama mbele ya mlango wangu.

"Na humu?"

"Humo kuna mwali," mama akasema.

Lo, uongo huo! Mwali gani mie? Sijachezwa, sijawekwa ndani, juzi tu nilikuwa shuleni naruka kamba. Nikabana pumzi. Komeo likalia. Ndipo yule askari aliyekuja naye, mtu wa Kisarawe, akasema, "Bwana, mwali haonwi na wanaume. Mie siingii, na nakuomba nawe usiingie. Watu wote wa hapa watatugeuka."

Nilihesabu hadi kumi na tisa. Buti zikageuka.

Nilitaka kucheka kwa furaha. Lakini nikamsikia yule askari akimwambia mama kwa heshima zote, "Hongera, dada. Mke wangu anakaa hapo ng'ambo, atakuja kumtazama mwali. Nami napita njia hii kila siku."

Mama alichelewa kuingia chumbani. Alipoingia alikuwa analia.

"Mama, mtihani Alhamisi," nikamwambia.

"Nisamehe, mwanangu. Ukionekana nje, watarudi."

Alhamisi niliwasikia wenzangu wakipita barabarani, wanaulizana hesabu za kugawanya. Moja walikosea. Jibu nilikuwa nalo, nikauma kaniki. Nilimchukia mama siku ile, na baba, na saini yake.

Nilikaa ndani miezi minane. Mke wa askari alikuja kweli, na zawadi juu. Nikatolewa kwa ngoma kubwa, na mwezi haukuisha nikaposwa.

Bwana Adelard alirudi mwaka uliofuata, polisi wameshatulia. Akalichukua daftari lake, akampa mama doti ya kanga, akakaa kwenye kiti chenu hicho.

"Na yule binti hodari wa hesabu," akauliza, "yuko shule gani sasa?"

"Ameolewa, Bwana."

"Aa! Hongereni sana," akasema, akaomba chai.

Chai nilimpelekea mie, nimekuja kumtazama mama, na mimba ya miezi sita. Akapokea kikombe, akanishukuru. Hakunitambua.